Siku Niliyompa Mzee wa Nizwa Mtoto Asiye Wake

Kisa hiki mke wangu ananikataza kukieleza mbele ya wakwe, na nyinyi pia msingekisikia lau si kwamba wahusika karibu wote wameshanisamehe. Aibu yenyewe haijapoa lakini, nikikumbuka nafunika uso kwa mto. Nilimdanganya mzee wa watu, mchana kweupe, siku ya Ijumaa, ndani ya baraza lake, tena mdomo wangu umejaa tende zake.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya sabini, tumeshatoka Unguja na kuhamia Ibra, huku Omani, na mie asubuhi nilikuwa karani wa serikali, jioni meneja wa timu ya pili ya klabu yetu ya mpira. (Meneja ni jina tu, kazi yenyewe ilikuwa kujaza mipira pumzi na kuwafuata watu majumbani kwao.) Timu ya kwanza ilicheza ligi ya Sharqiya, mkoa wetu, na ligi ile kila klabu timu moja basi, kwa hiyo vijana wangu mwaka mzima walikuwa wanafanya mazoezi halafu wanakwenda kuwapigia makofi wenzao. Wawili wakaacha. Nikaona hii timu itanifia mikononi, nikaandika barua kwa watu wa Dakhiliya, mkoa wa jirani, nikaomba, nikaenda mwenyewe mpaka Nizwa mara mbili, hata wakakubali timu yetu ya pili iingie katika mashindano yao, kwa sharti moja: asicheze mchezaji yeyote wa timu ya kwanza. Akicheza mmoja tu tunatolewa sote. Nikatia saini kwa mbwembwe, na orodha ya wachezaji nikaipeleka, kila mtu na jina lake, la baba, la babu, na kabila, kama wanavyotaka huku.

Sasa Alhamisi, kesho yake ndiyo mechi ya kwanza, napita kwa Salim bin Khalfan, beki wangu wa kulia, namkuta kalala na matubwitubwi, mashavu yote mawili yamevimba, kafungwa kitambaa kichwani kama anayeumwa jino. Mwengine kaitwa Maskati kazini. Nimebaki na wachezaji kumi. Kumi si haba, watu wamecheza kumi na wameshinda, lakini mie na kiburi changu sikutaka watu wa Nizwa waseme tumekuja pungufu. Nikamwona Badru, senta fowadi wa timu ya kwanza, kasimama dukani anakunywa soda.

"Badru," nikamwambia, "kesho wewe ni Salim bin Khalfan."

"Wakinijua?"

"Picha hawana. Wana majina tu. Nani atakujua?"

(Na hapa mtanielewa nyinyi mliolelewa Unguja kama mie. Kule jina ni la kumwitia mtu, ukimwita Salim akaitika, yamekwisha. Mie miaka yote ile Omani nilikuwa bado sijatia akilini kwamba huku jina la mtu hadi babu yake na kabila ni sawa na kumpa mtu ramani ya kwenda nyumbani kwake.)

Tukaondoka alfajiri na pikapu mbili, tukazunguka kwa Bidbid, tukafika karibu na adhana ya Ijumaa. Wenyeji wetu walikuwa watu wa Firq, kijiji cha pembeni mwa Nizwa, na wallahi walitupokea. Baada ya sala wakatuingiza katika sabla, ndilo baraza lao la wageni, tukapeana mikono na watu kama arubaini mmoja mmoja, tukakaa chini, zikaja tende, ikaja halua kwenye sahani kubwa, ikaja kahawa. Katibu wao, aliyekuwa pia katibu wa mashindano, alikuwa Abdalla, kijana mzaliwa wa Tabora, Kiswahili chake cha bara, na nilifurahi kumsikia.

"Meneja, karibuni sana," akaniambia. "Ila kuna mzee hapa anamtaka mchezaji wako mmoja. Tangu juzi nilipomsomea listi hajatulia."

Mzee mwenyewe, ndiye mwenye baraza na neno lake Firq halipingwi, keshasimama mlangoni na bakora yake, mwembamba, ndevu nyeupe, anaitwa Hamed bin Said. Akauliza kwa Kiarabu, nami nawafasiria: "Yupi katika nyinyi ni Salim bin Khalfan bin Said?"

Badru akanitazama mie. Wachezaji wote wakanitazama mie. Nami, na tende mdomoni, nikanyoosha kidole. "Huyu hapa."

Yule mzee akaitupa bakora. Akapiga magoti mbele ya Badru, akamshika uso kwa mikono miwili, akambusu paji la uso, akaanza kulia. Khalfan alikuwa ndugu yake, akasema, alikwenda Unguja kijana, akafia huko, na wao walisikia tu ana mtoto, wasijue mtoto yuko wapi wala jina lake nani. (Mama yake Salim naye, nilikuja kujua baadaye, aliandika barua tatu pande za Nizwa na hakujibiwa hata moja, akakata tamaa.) Watu wakaanza kutoa takbiri. Mtu akatoka mbio kwenda kuchinja. Badru kaganda, machozi ya mzee yanamchirizikia kwenye kanzu, na mie ninajisemea moyoni, Masoud, mechi ni dakika tisini, halafu tunapanda pikapu tunakwenda zetu, mzee tutamwandikia barua nzuri ya kumweleza. Ndiyo akili niliyokuwa nayo siku ile.

Halafu mzee akainuka, akamshika Badru mkono, akamvuta kuelekea mlango wa ndani.

"Twende, ya waladi, mwanangu. Shangazi zako watatu wamekaa wanakungoja. Hawakujitanda, nimewaambia anayekuja ni mtoto wetu."

Mwanamme wa kando aingizwe kwa wanawake wa watu hawakujitanda, kwa ulimi wangu mie! Badru anakaza miguu, mzee anadhani haya tu, anazidi kumvuta, wamebakisha hatua tatu kufika kwenye pazia. Nikaruka. Sikuangalia chini. Mguu wa kulia ukazama katika sahani ya halua mpaka kwenye kifundo, halua ya moto, nikapiga ukelele ambao nadhani wale shangazi waliusikia, nikaenda hivyohivyo na sahani inanifuata mguuni hatua mbili kabla haijabanduka.

"Mzee, si yeye! Huyu si Salim! Nimesema uongo!"

Nikaeleza yote pale pale, mguu unanata kwenye zulia, mbele ya watu arubaini, Kiarabu kikinishinda namalizia kwa Kiswahili na Abdalla anafasiri. Mzee aliuachia mkono wa Badru taratibu, na sura yake ilivyobadilika sitaki kuieleza.

Abdalla akashusha pumzi. "Meneja, hii kesi siriasi. Sheria inasema mnatolewa."

Nikawatazama vijana wangu, wamesafiri tangu alfajiri, wameinamisha vichwa, na wote wanatolewa kwa ajili yangu.

Mzee akauliza jambo moja tu. "Huyo Salim. Yupo kweli, au naye umemtunga?"

"Yupo, mzee. Yupo Ibra kwa mamaake, ana matubwitubwi."

Akafumba macho. Kisha akamgeukia Abdalla. "Mpira umeshachezwa?"

"Bado, mzee."

"Basi hajacheza mtu asiyestahiki. Lifute jina la mwanangu, wacheze." Akaniangalia miguu. "Na huyu mpeni maji aoshe halua."

Nilitaka kumbusu mikono, hakunipa. Tukacheza kumi na moja, wa kumi na moja nikiwa mie, kitambi na viatu vya kuazima, baada ya kusimamishwa nitaje babu zangu mpaka wa tano mbele ya refa, na watazamaji wananihesabia kwa vidole. Tulifungwa sita. Mawili yalipita kwangu, na jengine nililitia mwenyewe kwa goti. Nilikuwa na furaha kama nimechukua kombe, maana vijana walikuwa bado wamo katika mashindano.

Asubuhi yake mzee Hamed alipanda mbele kwenye pikapu yangu, uso kaugeuzia dirishani kutoka Nizwa mpaka Ibra. Tukaingia kwa kina Salim. Salim akatoka na mashavu yake, mzee akamtazama muda mrefu, akamshika bega tu asimuumize. Mama yake akatoa salamu kutoka nyuma ya pazia. Mzee akaitikia, kisha akauliza, na mie nikawafasiria.

"Ndugu yangu alizikwa na watu, au alizikwa peke yake kule ugenini?"

"Na watu, shemeji," mama akajibu. "Mtaa mzima ulimzika. Jeneza lilipokezanwa mpaka makaburini, na mie nimekaa eda yake kamili."

Mzee akakaa chini pale pale kizingitini, akasema alhamdulillahi, akairudia, na mabega yake yakateremka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikatoka nje nikalia, na sioni haya kusema hivyo. Ningelisema tu siku ile kwamba Salim mgonjwa, mzee angelimpata mwanawe vilevile, bila ya kumkumbatia mtoto wa mwengine na bila ya mie kuhatarisha timu nzima. Uongo wangu haukuzaa hata bao moja. Tangu hapo mpaka nilipoacha umeneja, mchezaji akiumwa nakata jina lake mwenyewe kwa kalamu nyekundu, na timu inakwenda pungufu.