Mkono Uliouma Kweli

Mwanangu, siku ile siisahau mpaka leo. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, naishi kwa wakwe zangu Edmonton, ughaibuni, na wifi yangu Zuwena alikuja na karatasi za wakili, akaniwekea mezani nitie saini niwe shahidi wake.

Zuwena alidhulumiwa, hilo lijulikane. Hospitali walimpasua bega, daktari akakosea, akamkata mshipa wa fahamu. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikafa ganzi. Akaishitaki hospitali, na haki alikuwa nayo. Lakini kesi ilijikokota, naye akaona vidole viwili haviwatishi wale. Akaandika kwa wakili, akatia saini yake, kwamba mkono mzima haunyanyuki, hata kikombe hashiki, na kwamba mimi ndiye ninayemwosha na kumvisha. Na karatasi yangu mimi ilisema hayo hayo, chini pameandikwa: naamini haya ni kweli. Kumwosha? Mimi? Wallahi hata kitana sijawahi kumpitishia kichwani!

"Tia saini, wifi. Au wewe si mtu wetu?"

Nikashika kalamu. Utamkatalia vipi wifi yako, nawe mgeni nyumbani kwao? Mkwe wangu, mama yake Zuwena, alikuwa pale pale anachambua mchele. Akasema bila kuinua macho, "Iweke kalamu hiyo. Na wewe Zuwena, rudi kwa wakili ukafute. Vidole viwili vinatosha."

"Mama, unawatetea wao?"

"Nakutetea wewe, mjinga mkubwa!"

Nikaiweka, sikutia saini. Zuwena akakusanya karatasi zake, akaondoka kwa hasira. Hakufuta.

Ikaja harusi ya mtoto wa dada yake. Sasa umjue Zuwena: shughuli haiendi bila biriani lake, na sufuria lake halibebwi na mtu mwingine. Akae kitini aonekane mvivu mbele ya wanawake wote wa Kizanzibari? Thubutu! Alilibeba mwenyewe toka garini mpaka mlangoni mwa ukumbi, mikono miwili, uso ameukunja kwa maumivu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na gari limesimama, na ndani yake mtu wa upande wa hospitali na kamera yake.

Picha zile zilioneshwa mahakamani, nasi tumekaa nyuma. Kuanzia hapo habari za daktari hazikuulizwa tena. Iliulizwa saini iliyo chini ya maelezo yale ni ya nani, nayo ilikuwa yake. Kesi yake ikafa, ikafunguliwa nyingine juu yake yeye, ya kuidharau mahakama kwa maelezo ya uongo. Akafungwa.

Nilikwenda kumtazama jela. Alinishika mkono, vile vidole viwili havikufunga. "Wifi," akasema, "vinauma kweli." Nililia, mwanangu. Mimi nilijua vinauma, lakini wa kumsadiki alikuwa nani tena?

Basi ukidhulumiwa, sema ulichodhulumiwa, usiongeze hata chembe, maana hicho cha kuongeza ndicho kitakachokupokonya na kile cha kweli. Na akikuletea umpendaye karatasi ya uongo, mkatalie, hata akununie mwaka. Mimi sikuwa na ujasiri huo; ni mkwe wangu aliyenifokea, na ndiyo maana sikukaa jela na Zuwena. Mungu akupe ulimi mzito penye uongo, mwanangu, na asikunyime mtu wa kukufokea mapema.