Orodha Iliyofutika Wamaza

Mwanangu, nimesoma programu yako na nimekasirika. Unafungua faili la zamani, unalifuta, ndipo unaanza kuandika jipya! Mimi niliondoka Kasongo na viatu vya plastiki, nikarudi na diploma, ya kwanza katika ukoo wetu, na hakuna aliyenilipia hata kalamu. Hata hivyo nilifanya upuuzi huohuo. Basi nyamaza usikilize.

Nakumbuka nilivyopanda pikipiki hadi Wamaza, kompyuta kifuani kama mtoto mchanga. Kituo cha afya cha pale kilitibu wagonjwa wa kifua kikuu, na programu yangu ilitunza majina yao, vijiji vyao na siku zao za dawa. Nilijigamba mbele ya muuguzi mkuu, Mama Sifa, nikamwambia daftari lake sasa ni la kuwashia moto. Aliniamini. Miezi miwili hakuandika humo neno.

Siku moja niliongeza mgonjwa mmoja, nikabonyeza kuhifadhi, betri ya sola ikazimika. Umeme uliporudi, faili lipo kwa jina lake, ndani hamna hata herufi. Programu ilikwisha kufuta majina ya kale, mapya haijayaandika.

"Ni betri, mama," nikasema.

"Betri? Huku batri inazimika kila siku, hata mbuzi zinajua! Weye mutu ya diplome njo haukujua?" Akalipiga daftari mezani. "Hii ni ya tatu. Ile ingine ilipochakaa, niliandika mupya yote, mwenzangu akanisomea jina kwa jina, njo nikahamisha etiketi, ile karatasi ya jina kwa jalada. Mpaka etiketi inahama, ya zamani njo iko ya kazi. Weye ulipasua ya zamani kalamu ingali mukononi!"

Usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi niliuchana mbachao wa watu wengine. Daftari lilikuwa na majina ya kabla ya ile miezi miwili tu, basi tulitembea kijiji kwa kijiji, hadi Lusangi, tukiuliza nani anakohoa, nani amemeza nini. Wengi tuliwapata. Mchimbaji mmoja aliyehamia Salamabila, dawa hajamaliza, hatukumpata. Namba yake ya simu ilikuwa ndani ya faili lile tu.

Kwa hiyo usiniambie "mzee, kwangu haijawahi kutokea." Mdharau mwiba mguu huota tende. Andika kwanza kwenye faili la muda, ndani ya folda ileile. Ilazimishe diski ipokee yote, usiridhike na kumbukumbu ya mashine inayopotea umeme ukikatika. Lisome uhakikishe. Kisha, kwa amri moja, lipe jina la faili la zamani. Umeme ukikatika kabla ya hapo, la zamani ni zima. Ukikatika baadaye, jipya ni zima. Nusu haipo.

Rudia kazi hiyo leo, mwanangu. Mungu akupe subira niliyoikosa mimi, na kila mgonjwa atakayeandikwa kwa mkono wako apatikane siku yake ya dawa.