Jina la Marehemu kwenye Listi ya Kiingereza

Hapa Goma hakuna mutu anayeandika jina lako bure. Ama anataka kukupa unga, ama anakutafuta. Kwa hiyo mwalimu wa binti yangu alipofika kwetu Ndosho na daftari kwapani, nilimuacha asimame mulangoni, mimi nikaendelea kutwanga majani ya sombe.

"Mama, tunaomba Kiingereza kifundishwe tangu mwaka wa tatu wa primeri," akasema. "Inspekta anataka listi ya wazazi wanaokubali. Jina, avenyi munayokaa, numero ya simu."

Numero ya simu! "Nani amekutuma?" nikamuuliza.

"Hakuna, mama."

Aka! Mutu muzima azunguke na jua lote hili, toka Majengo mpaka kwetu, na hakuna aliyemutuma? Na kwa nini Kiingereza, lugha wanayosomeshwa watoto wa ng'ambo ya mpaka, kule tunakokuogopa? Nikatazama viatu vyake. Vilikuwa vimepasuka, nikasema moyoni hata hiyo inaweza kuwa ujanja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nimeumwa zaidi ya mara moja.

Lakini binti yangu alikuwa ananiangalia. Tulipoishi kambini Kanyaruchinya, turubai lililotufunika lilikuwa na maandishi ya Kiingereza. Alikuwa akilala chali, akifuata herufi kwa kidole, akimuuliza baba yake zinasema nini. Baba yake alikufa kule kule bila kumujibu, maana hata yeye hakujua. Tangu hapo mutoto ananisumbua na Kiingereza.

Basi nikachukua kalamu, nikaandika jina la marehemu bwana yangu. Na numero yake pia, ambayo haiiti tena. Mutu aliye kaburini, nani atamufuata? Nilijiona mwerevu kweli.

Wiki mbili baadaye wazazi tukaitwa shuleni pamoja na watoto. Direkta akasema amesikia kuna majina ya uongo, kwa hiyo atasoma moja moja na mwenye jina asimame. Likibaki hata moja bila mwenyewe, hapeleki kitu kwa inspekta. Watatu wa kwanza wakasimama. La nne lilikuwa la bwana yangu. Akaita mara mbili.

Binti yangu akanigeukia, macho yanamung'aa. "Mama! Papa alisaini?"

Yoo, nilitamani ardhi inimeze. Nikasimama. "Amekufa. Ni mimi niliandika. Niliogopa."

Muuza samaki aliyekaa nyuma yangu akasimama. "Na mimi niliandika jina la mama yangu, Mungu amurehemu." Muzee mmoja akataja kaka yake. Wakafuatana hivyo, mpaka mama mmoja akaanza kucheka, na machozi yanamutoka.

"Hii siyo listi ya wazazi," direkta akasema, "ni ya makaburi." Akamurudishia mwalimu daftari lake.

Mwalimu hakugomba. Alichana ukurasa ule, akaweka kalamu juu ya ukurasa mweupe, akangoja. Hakuna aliyesogea. Kila mutu alikuwa anamupima jirani yake kwa macho. Mimi nilikuwa namuangalia mwanaume mmoja karibu na dirisha, sikumujua ni muzazi wa nani.

Binti yangu akanivuta kitenge. "Mama, kumbe ni papa tu alitaka nisome, wewe hapana?"

Nikaenda mbele. Nikaandika jina langu lote, avenyi, na numero inayoita.