Kaka wa Bibi Ondra

Kwa miaka tisa Lorna Hatchell alitoka nyumbani kwake St. Cloud kabla jua halijapata makali, akaegesha gari kwenye uwanja wa wafanyakazi, akavua saa na miwani, akavaa joho la kijivu lenye mifuko kumi na minne, akawa Bibi Ondra, mtunza mizigo wa bandari ya Tesharu.

Tesharu ni mji wa kwenye filamu, mji ulioning'inia angani ambako merikebu husafiri juu ya mawingu. Filamu zake zilipopendwa kupita kiasi, wenye bustani ile ya burudani waliujenga katikati ya Florida kwa saruji na mbao zilizopakwa rangi ya uchakavu, na watu wakawa wanatoka mbali kuja kutembea ndani yake. Sharti la mfanyakazi lilikuwa moja: ukishapita mlango wa chuma, Florida haipo. Mvua ya kila alasiri huletwa na merikebu za juu zinazomwaga maji yao. Simu ya mgeni ni kioo chake cha safari. Mtoto akiuliza choo kiko wapi utamwelekeza, lakini umwelekeze kibaharia.

Kwenye filamu yenyewe Bibi Ondra alionekana kidogo tu, nyuma ya meza, bila kutamka neno. Lorna alipoajiriwa alipewa karatasi mbili: jina lake, kazi yake, anawaogopa askari wa gavana, anapenda chai chungu. Basi. Mengine ayatafute mwenyewe.

Wakati huo alikuwa mjane wa mwaka mmoja. Mumewe Dale, fundi wa viyoyozi, alianguka kutoka juu ya paa akiwa kazini, na binti yao alikuwa ameolewa Oregon, akipiga simu Jumapili akikumbuka. Kulikuwa na siku za mapumziko ambazo Lorna hakusema na kiumbe yeyote isipokuwa korongo wawili waliozoea kupita mbele ya ngazi zake, nao hata hawakugeuza shingo.

Wiki ya kwanza kazini, msichana mdogo alinyoosha kidole kwenye kasha kubwa lililokuwa rafuni nyuma yake, akauliza ni la nani. Lorna hakuwa amejiandaa. Mdomo ukajibu wenyewe kwamba ni la kaka yake, aliondoka na merikebu, akasema atalifuata.

Lorna kweli alikuwa na kaka. Aliitwa Wade. Aliondoka kwao Waycross, Georgia, mwaka sabini na tisa, yeye ana miaka kumi na tisa na Lorna kumi na sita, akisema anakwenda mara moja na atarudi sasa hivi. Ikaja kadi moja ya posta kutoka Galveston, halafu kimya. Mama yao aliendelea kumwekea sahani mezani mpaka alipokufa, na baada ya hapo hakuna aliyelitaja tena jina lake. Hata Dale, katika miaka yote ya ndoa, alijua tu kwamba kulikuwa na kaka aliyepotea; hakuuliza, naye Lorna hakusema.

Yale ambayo hakuwahi kumwambia mtu, akampa Bibi Ondra. Jinsi Wade alivyopiga mluzi kupitia mwanya wa meno. Jinsi alivyochukia viatu. Jinsi alivyovunja njugu ngumu kwa magego huku mama akimgombeza. Wageni wakayapenda. Wenye tiketi za mwaka mzima waliporudi walimwuliza kabla hata ya salamu kama kaka ameshafika, naye akawajibu kwamba bado, ila kuna merikebu inatarajiwa.

Kati yao wote alimpenda zaidi Harlan Mobley, mpima ardhi mstaafu wa Lakeland. Alikuja kila Alhamisi kwa miaka sita, akiwa na kofia ya rubani wa Tesharu, akaegemea meza kama mtu aliyetua sasa hivi. Alimpa habari za bandari nyingine ambako eti alimwulizia yule kaka, nani alimwona na nani alidanganya. Wakati mwingine walizungumza nusu saa nzima. Lorna aliyasubiri mazungumzo hayo wiki nzima. Jina la Harlan alilisoma kwenye kadi iliyoning'inia shingoni mwake. Lakini Harlan hakulijua jina halisi la Lorna, na kwa sharti la kazi Lorna hakuweza kumtajia.

Oktoba ilitoka filamu ya nne. Lorna alikwenda kuiona Kissimmee mchana wa siku ya kwanza, peke yake, akakaa kiti cha pembeni. Safari hii Bibi Ondra alikuwa na maneno ya kusema, na aliigizwa na mwanamke mzuri asiyezidi miaka arobaini. Kumbe alikuwa jasusi wa gavana. Shujaa alipomnasa alimwuliza kama yuko mtu wa kumlilia, naye akasema hana mtu, hajapata kuwa na ndugu maishani. Kisha akauawa, na watu ukumbini wakapiga makofi. Lorna aliendelea kukaa mpaka wafagiaji walipoingia.

Jumatatu msimamizi wake, Trent Gilchrist, alimwita ofisini. Alikuwepo pia dada mmoja aliyesafiri kutoka California, Allison Voight, mmoja wa waandishi wanaotunza hadithi ya mji ule. Wakamweleza kwa upole kwamba bustani lazima ifuate filamu. Kalenda ya hadithi ya Tesharu itasogezwa mbele mwaka mmoja, Bibi Ondra atakuwa ameshakufa, na meza yake itageuzwa kituo cha walinzi. Lorna atahamia duka la kofia, mshahara uleule.

Lorna alisikiliza mpaka mwisho. "Nani aliyesema hana ndugu?" aliuliza.

Allison akafunga kabrasha lake. "Hakuna aliyekusudia ubaya, Bi Lorna. Hatukujua kama anaye. Haikuandikwa popote."

"Watu wanamwulizia kila siku."

"Najua. Jana nimesoma barua zao, nimekaa nazo mpaka chakula kikanipoa. Ni kisa kizuri kuliko tulichoandika sisi. Ulikitoa wapi?"

Trent alitupia jicho saa ya ukutani. Lorna alisikia jibu likimpanda kooni, Waycross nzima na barabara yake ya vumbi na sahani ya mama. Angeweza kulitoa. Yule dada alikuwa akisubiri kwa dhati.

"Nilitunga tu," akasema.

Kesho yake kasha liliondolewa. Lilikuwa tupu, la povu jepesi la plastiki, na kijana aliyelibeba alilibeba kwa mkono mmoja.

Dukani Lorna alifunga aproni ya kahawia na kuficha nywele ndani ya kitambaa. Alhamisi ya pili Harlan alikuja. Alisimama mbele ya kituo cha walinzi muda mrefu, mikono mfukoni, kisha akaingia kwenye duka la kofia na kumjia moja kwa moja.

"Dada, samahani. Yule mama wa mizigo kaenda wapi? Filamu nimeiona, ya kwenye filamu usinambie."

Maagizo mapya yalisema asitajwe. Lorna alishika ukingo wa meza.

"Kaka yake alikuja," alisema.

"Lini?"

"Jumanne. Wameondoka pamoja, na kasha wamelichukua."

Harlan alivua kofia yake. "Alikuwa anapiga mluzi?"

"Alisikika toka gatini."

Mzee aliitikia kwa kichwa mara nyingi, taratibu. Akasema basi vizuri, vizuri sana, na kwamba alijua tu. Lorna alimsubiri ainue macho amtazame usoni. Sauti ya Lorna ilikuwa ileile ambayo mzee aliisikia Alhamisi zote hizo, umbali uleule, meza tu imebadilika. Harlan alimshukuru, akavaa kofia yake, akatoka. Alhamisi iliyofuata hakuja, wala nyingine baada ya hiyo. Hakuwa tena na la kuulizia.

Lorna hakujuta kumwambia vile. Ila sasa Alhamisi ilikuwa ndefu kama siku nyingine yoyote, na wateja walitaka kujua bei na vipimo vya kichwa, zaidi ya hapo hakuna.

Mwenzake dukani alikuwa Yamaris Oquendo, mwanamke wa miaka thelathini, mchangamfu, mwenye kupenda kujua habari za watu. Alasiri moja mvua ilipofunga mji, walikaa wawili kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, na Yamaris, akifungua bakuli lake la wali na maharage, akamwuliza walizaliwa wangapi kwao.

Lorna aliweka uma chini. Alijisikia amechoka kwa namna isiyotokana na kusimama.

"Nilikuwa na kaka," alisema. "Aliondoka nikiwa na miaka kumi na sita. Alisema anarudi sasa hivi. Alikuwa anapiga mluzi kwenye mwanya, na viatu hataki hata kuviona—"

"Na njugu anavunja kwa meno," Yamaris akamalizia, akicheka. "Naijua hiyo, Bi Lorna. Mwanangu alikuwa ananiomba nimlete aisikie upya. Wewe nawe, hata chakulani huachi kazi?"

Lorna alimtazama. Ilimpasa aseme kwamba huyu ni mwingine, ni wa kweli, aanze tena kutoka mwanzo. Lakini alipotafuta jambo la Wade ambalo hakuwahi kulisimulia pale mezani, jambo lililobaki lake mwenyewe, hakulipata upesi.

"Mazoea," alisema.

Yamaris alimsogezea nusu ya ndizi zake za kukaanga na kumsisitiza ale, zisipoe. Lorna akala. Zilikuwa tamu, na akamwambia hivyo.