Muuza Zambarau Anayetoa Ulimi Kizuizini

Saa moja na nusu asubuhi, kwenye kizuizi cha barabarani cha Wandegeya, Sitti Taban anatua kikapu chini, anasimama wima mbele ya askari, kisha anatoa ulimi nje.

Si utovu wa adabu. Mwanamke huyu ana miaka arobaini na minne, mjane, na hata utotoni hakuwahi kumtolea mtu ulimi. Lakini ulimi anautoa wote, na wote ni rangi ya zambarau, kama mtu aliyelamba chupa ya wino.

Askari anautazama ulimi. Anatazama viganja: rangi ileile. Anacheka.

"Haya, mama ya jambula, pita." Jambula ndizo zambarau, kwa lugha ya huku.

Anapita. Nyuma yake yuko binti yake Fatumah, miaka kumi na saba. Naye anatoa ulimi, naye anapita. Hapo ndipo mama mtu anapopumua.

"Sokoni wananicheka," anasema Sitti huku akijitwika kikapu. "Wacha wacheke. Mimi nimeona mdomo msafi unavyoweza kumuua mtu."

Maneno hayo ukiyasikia asubuhi njema, na jua ndiyo kwanza linapanda, utadhani mama huyu ana kichaa. Hana. Mwenye mtoto anayechuma au kula zambarau katika mji huu na asikilize, kwa maana jambo lenyewe lilitokea mwezi huu huu wa Shaabani, mwaka huu wa sabini na saba, tena mchana kweupe.

Sitti anakaa Kisenyi, nyuma ya magereji. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita, alimwachia mtoto mmoja na kikapu kimoja. Tangu hapo anauza matunda soko la Nakasero, na msimu wa zambarau ukifika hauzi kingine. Fungu shilingi mbili. Siku njema mafungu thelathini, siku mbaya anarudi na nusu ya kikapu, na zambarau hazingoji kesho.

Mizambarau yenyewe ni mikubwa, imeota kando ya barabara za mlimani nyuma ya Wandegeya, haina mwenyewe. Fatumah hupanda, mama hubaki chini na leso kuukuu aliyoitandaza. Mti hautikiswi. Tunda likianguka linapasuka, na lililopasuka halifiki Nakasero. Kila moja huchumwa kwa mkono, na kila moja humwachia mchumaji rangi yake.

Kuhusu faida za tunda hili, Sitti hahitaji kuulizwa mara mbili.

"Mzee wa maradhi ya sukari atakuja kwangu kabla ya kwenda msikitini. Mbegu wanakausha, wanatwanga, wanakunywa na maji. Mwenye kuhara, zambarau. Mwenye fizi zinazotoka damu, zambarau. Mtoto asiyetaka kula, mpe zambarau tatu, baada ya hapo atakula hata meza."

Alanyo, muuguzi wa zahanati moja hapo Kisenyi, anakubali kiasi. Anasema tunda ni zuri kwa damu na tumbo, tena ni la bei ya maskini. Lakini anatikisa kichwa.

"Watu wa huku wakisikia kitu ni dawa, wanakula kama adhabu," anasema. "Nililetewa mzee aliyekunywa vidonge vya sukari na unga wa mbegu pamoja. Alianguka kwenye kibaraza chake, jasho linamtoka, hajui hata jina la mkewe. Sukari ilishuka mno. Na watoto wanakula mbichi, tumbo linafunga siku tatu. Wanaletwa hapa wanalia, mama anasema amelogwa. Hakulogwa, amekula zambarau sahani nzima!"

Hizo ndizo hasara anazozijua muuguzi. Iko nyingine, na hiyo haimo katika daftari lake.

Zambarau zina doa. Zamani doa halikuwa neno: unafua, unakoga, yamekwisha. Sasa sabuni iko wapi? Kipande kimoja cha magendo kinafika shilingi arobaini, tena ukipate kwa kunong'ona. Wachumaji wanajisugua kwa ndimu na majivu, rangi inapauka lakini haitoki. Vidole vya Fatumah msimu mzima ni vya mtu aliyefanya kazi ya wino.

Na mwezi huu, watu wenye wino mkononi walikuwa wanatafutwa.

Inasemekana karatasi ziliokotwa barabarani Wandegeya, zimechapwa maneno yasiyotakiwa. Ni maneno gani, hakuna aliyekubali kuwa aliyasoma. Kilichojulikana ni kwamba askari kizuizini waliacha kuuliza vitambulisho, wakaanza kusema: "Leta mkono."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kazi ilikwenda kama kawaida yao: kikapu kilipojaa, Sitti alijitwika akatangulia Nakasero, maana zambarau zikipigwa na jua zinatoka maji. Fatumah akabaki nyuma kukunja leso na kupumzika kidogo, kisha ashuke kwa miguu, mikono mitupu.

Pélagie, mama wa Zaire anayeuza parachichi meza ya pili, alifika sokoni saa nne akiwa hana kiatu kimoja.

"Mama Fatu! Mama Fatu! Bamemukamata mutoto yako kule Wandegeya!"

"Nani kamkamata?"

"Basoda, baaskari! Banasema iko na wino ku mikono. Nimesema hapana, ni matunda, banasema hata mimi nitoe mikono. Nikakimbia, mama, unisamehe, nikakimbia!"

Sitti hakulia. Anasema kichwa kilibaki na neno moja: kikapu. Mafungu yaliyopangwa mezani akayarudisha yote ndani, akajitwika, akapanda mlima kurudi alikotoka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Waliokamatwa walikuwa wamewekwa katika duka tupu kando ya barabara, moja ya maduka yaliyoachwa na wenyewe walipofukuzwa nchini mwaka wa sabini na mbili. Rafu zilikuwa zingali ukutani. Nje lilisimama lori, na kila mtu wa Wandegeya alijua lori lile linaondoka saa sita. Linakokwenda hakuna aliyerudi akaeleza.

Mlangoni kulikuwa na askari kijana.

"Mama, rudi. Hapa hapana soko."

"Sikuja kuuza, afande. Nimeleta shahidi."

"Shahidi iko wapi?"

Sitti akatua kikapu miguuni pake. "Huyu hapa. Muulize mwenyewe rangi yake."

Askari alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomfanya mkubwa wake aliyekuwa ndani aite: "Nani huyo?" Ndivyo Sitti alivyoingia.

Mkubwa huyo alikuwa sajini mtu mzima, wenzake wakimwita Kamis. Alikaa juu ya kreti ya soda. Fatumah alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, na karibu naye kijana mwanamume aliyevaa aproni ya duka la kuchapa. Mikono ya wote wawili ilikuwa ya rangi moja.

Sitti akachukua zambarau moja, akaisagia kiganjani mbele ya sajini. Rangi ikatoka. "Tazama, baba. Na vidole vya mtoto tazama. Ni rangi ya kazi yake."

Sajini akakaribia kukubali. Lakini yule kijana wa mlangoni akadakia.

"Afande, huyu mama anadanganya. Mimi nilimwambia binti, toa ulimi. Ulimi ilikuwa safi kabisa! Mtu anachuma jambula asubuhi mzima, hakula hata moja? Hata malaika anaweza kula!"

Wakacheka wote waliokuwa na bunduki. Sajini hakucheka.

"Kweli," akasema. "Kwa nini hakula?"

Fatumah akainamisha kichwa. Walikuwa wamemuuliza swali hilo tangu asubuhi, naye akawa bubu. Sitti akasema: "Alikuwa amefunga."

"Amefunga nini? Ramadhani bado. Mimi Muislamu, usinidanganye hesabu ya mwezi."

"Sasa wino imekuwa swaumu," akasema yule kijana.

Sitti anaeleza kwamba hapo alitamani sakafu immeze. Jibu alikuwa nalo. Lakini katika nyumba aliyolelewa, jambo hilo mama humwambia binti yake mlango ukiwa umefungwa, na baba mwenye nyumba haulizi. Leo alitakiwa alitoe mbele ya wanaume saba. Akatazama nje, akaliona lori.

"Analipa," akasema.

"Analipa nini?"

"Siku zake."

Yule kijana akapiga paja. "Siku gani? Siku ya kulipa ni mwisho wa mwezi! Hata sisi hatujalipwa!"

"Nyamaza!" Sajini alisema kwa sauti iliyofanya hata walio nje wanyamaze.

Alikuwa ameelewa. Mwanamke akiwa katika siku zake hafungi, na siku alizokula za Ramadhani iliyopita sharti azilipe kabla mpya haijaandama. Kila nyumba ya Kiislamu inajua, kila mwanamume hujifanya hajui. Sajini Kamis akatazama sakafu kama mtu aliyechungulia dirisha lisilo lake.

"Ngapi?" akauliza, bila kuinua macho.

"Sita, baba. Tano amezimaliza. Iliyobaki moja, ya leo."

Hapo sajini akamgeukia askari wake. "Wewe ulisema ulimwambia atoe ulimi tu. Hukumlisha kitu?"

Kijana akabadilika uso. "Nilimpa moja, afande. Iliyookotwa chini ya mti. Nilitaka kuona kama inashika rangi."

"Alikataa?"

"Alikataa. Nikamfungua mdomo."

Sitti hakuwa anajua hilo. Anasema mpaka leo hilo halimtoki: mtoto wake kushikwa taya na mtu mwenye bunduki, akalishwa tunda alilolichuma mwenyewe, siku ya mwisho ya deni lake kwa Mungu.

Sajini Kamis alivua kofia. "Chukua mtoto wako, mama. Toka. Usipite barabara kubwa."

Hadithi ingeishia hapo, tungesema Alhamdulillahi, tukafunga ukurasa. Haikuishia hapo.

Sitti alipoinama kumwinua binti yake, yule kijana wa aproni alimshika upindo wa leso aliyojifunga. Hakupiga kelele. Alinong'ona.

"Mama, mimi naitwa Obwona. Wino wangu ni wa kadi za harusi, nakuapia. Sema na mimi ni mchumaji wako. Neno moja tu. Nipe moja nile."

Zambarau zilikuwepo, kikapu kizima, mkono ukinyooshwa unafika.

"Sikusema," anasimulia Sitti, na hapa anaacha kupanga mafungu yake mezani Nakasero. "Nilimtazama sajini, naye ananitazama. Nikasema moyoni, nikiongeza neno, anaweza kubadili. Nikauvuta upindo wangu. Nikatoka na wangu."

Lori liliondoka saa sita. Duka la kuchapa alikokuwa Obwona limefungwa komeo, na ndugu zake waliokuja kuuliza wameambiwa waache kuuliza.

Ndiyo maana ya ulimi. Tangu Alhamisi ile, Sitti na Fatumah wakishuka mtini hawakunji leso kabla ya kula, na hawali moja, wanakula mpaka rangi ishike. Kikapu nacho hakitangulii tena. Mama, binti na kikapu wanatembea pamoja. Habari imeenea mpaka wauza parachichi. Pélagie, asiyechuma zambarau hata moja, kila asubuhi anaomba mbili.

"Tumbo yangu inafunga kama benki siku ya sikukuu," analalamika akitafuna.

"Tumbo lifunge," Sitti anamjibu. "Tumbo lina dawa."

Wazazi, hilo ndilo la kushika. Tunda ni jema, wapeni watoto, ila mbivu, ila kidogo, na mwenye vidonge vya sukari aulize kwanza. Lakini mtoto asitoke nyumbani na doa la mkononi asiloweza kulieleza. Mfundisheni maneno ya kusema. Na yale ya aibu mfundisheni pia, maana Fatumah angekuwa na ulimi wa kuyasema yale maneno mawili, asingekaa sakafuni muda wa saa mbili.

Jioni, nyumbani Kisenyi, Fatumah anajisugua vidole kwa ndimu mbele ya beseni. Ramadhani itaandama wiki ijayo. Shekhe wa mtaa amemwambia aliyelishwa kwa nguvu swaumu yake ipo, asijisumbue. Yeye hataki kusikia.

"Nitailipa tena," anasema, na ni mara ya kwanza anasema kitu leo. "Keshokutwa, Alhamisi. Sitapanda mti, sitapita Wandegeya. Nataka nifunge mkono ukiwa mweupe."

Mama yake anamchukua mkono, anautazama kwenye mwanga wa mlango, anakamua ndimu nyingine juu yake.

Na Sitti mwenyewe ana mpango gani? Alhamisi hiyo, anasema, meza yake Nakasero itakuwa tupu.

"Mimi sina deni la siku. Zangu nililipa zote mapema. Lakini nitafunga naye," anasema Sitti. "Yule kijana wa aproni aliniomba neno moja, sikumpa."