Uji wa Mama Mkwe Wodini

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata leo sijaisahau. Mke wangu Akello alikuwa amepasuliwa tumbo jana yake, hapa hapa Kampala. Daktari alisema asipewe kitu mdomoni mpaka yeye aruhusu. Mimi, askari polisi kijana, ndiye niliyekuwa nikimuuguza.

Mama mkwe akafika kutoka kaskazini na chupa ya uji wa ulezi. Kwetu sisi mkwe hupishwa njia. Humtazami usoni, sembuse kumkataza jambo. Nikatoka hadi mlangoni, kama adabu inavyotaka. Naye, maskini, kwa huruma ya mama, akamnywesha mwanawe, na Akello akameza kwa kumstahi.

Haukupita muda akaanza kutapika. Mama akamkandamiza mabega, akiwa amelala chali vile vile. "Tulia, mshono utafumuka." Nikaona macho yanamtoka mke wangu, matapishi yanamrudia kooni, anakoroma. Nami nimesimama mlangoni na adabu yangu.

Sajini mmoja mstaafu, aliyekuwa akimuuguza mkewe kitanda cha pili, akanigeukia kwa ukali. "Mutu anakufa hapa, wewe naogopa mkwe? Geuza yeye ubavu!"

Nikamsukuma mama mkwe kando. Ndiyo, nilimgusa. Tukamlaza Akello ubavu, mzee akamshikia mto juu ya mshono, uchafu ukamtoka, akavuta pumzi. Nesi akaja mbio, nikamweleza yote, hata habari ya uji, akamchoma sindano ya kichefuchefu. Niliogopa, mwanangu, siwezi kukudanganya.

Sasa sikiliza. Aliyepasuliwa tumbo asile wala asinywe mpaka wahudumu waseme, na wakiruhusu, aanze kwa funda dogo dogo. Haba na haba hujaza kibaba. Moyo ukimchafuka, aseme mapema, maana mficha maradhi kilio humuumbua. Usimpe dawa ya dukani wala ya mizizi kwa kubahatisha. Akitapika, mketishe au mlaze ubavu, mto tumboni. Ukiona kutapika hakukomi, au matapishi ni ya kijani au yana damu, au tumbo limevimba na hajambi, au ana homa, ita nesi. Mkiwa nyumbani, rudini hospitali saa hiyo hiyo. Usimwonee haya mtu yeyote.

Siku ile, Akello alipotulia, mama mkwe alikaa sakafuni akilia, nikapiga magoti kumwomba radhi. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nioe. "Ungenisukuma mapema," akasema.

Mungu akujalie adabu, mwanangu, na akupe ujasiri wa kuivunja siku uhai unapohitaji.