Gari kwa Jina la Honi

Dada yangu ni fundi wa mapazia, na kama hujawahi kubishana na fundi wa mapazia, usianze. Mtu anayeshinda na futi shingoni haamini maneno ya mtu, anaamini kipimo. Kwa hiyo siku aliponiita chumbani kwake, akafunga mlango kwa komeo na kunipa simu yake nitazame, nilijua keshapima na keshakata. Mimi naitwa kusifia tu.

Kwenye simu kulikuwa na picha ya gari. Dogo, la kijivu, limeshatumika huko ng'ambo linakouzwa, lakini limeoshwa likaoshwa mpaka linameremeta.

"Zuri?" akauliza.

"La nani?"

"La Honi."

Honi ni mwanawe, wa pekee. Jina hilo tulimpa sisi wenyewe, maana utotoni alikuwa akichukua mfuniko wa sufuria, anaufanya usukani, anazunguka nyumba nzima akipiga honi kwa mdomo mpaka kichwa kinakuuma. Alipokua akawa dereva kweli, ila wa gari la watu. Tajiri yake alikuwa mtu wa matusi, asubuhi anamtukana, jioni anamtukana, tena mbele za watu, na Honi anameza. Dada aliyasikia yote hayo na yalimkereketa kuliko yalivyomkereketa mtoto mwenyewe.

"Umemwambia?" nikamuuliza.

"Thubutu! Na wewe ukifungua hilo domo lako, mimi na wewe basi. Nataka nimtie ufunguo mkononi, nimwambie, haya baba, kamrudishie yule bwana gari lake."

Nikamuuliza limeandikwa jina la nani. Akaniambia la Honi, tangu huko linakotoka, karatasi zote. Hapo sikushangaa. Shemeji yangu, marehemu mumewe, alikuwa na pikapu aliyoinunua kwa jasho lake, lakini karatasi zilikuwa na jina la kaka yake, eti mambo ya ndugu hayana neno. Alipofariki, tukiwa bado tumekaa chini tunalia, kaka mtu alikuja na fundi wa kufuli wakaiondoa pikapu uani. Dada aliwatazama tu. Tangu siku ile akala kiapo kwamba kitu cha mtoto wake kitakuwa na jina la mtoto wake, asije mtu akamwambia neno.

Basi gari likalipiwa na likapakiwa melini. Cherehani kubwa ya umeme, ile ya vitambaa vizito, ikauzwa, na dada akarudi kwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu, miguu yenyewe imevimba. Lakini furaha aliyokuwa nayo, jamani! Mwalimu wa jirani alikuwa na gari la aina ile ile. Dada akaenda kwake na futi, akaingia ndani ya gari la watu na kuanza kupima viti. Mwalimu akaniita pembeni kuniuliza kama dada mzima. Nikamwambia mzima, ila anapenda viti. Alikuwa anashona vitambaa vya kuvalisha viti vya gari ambalo hajaliona kwa macho.

Wakati huo huo Honi akaja kumwomba. Yeye na rafiki yake walitaka kuchanga wanunue gari kuukuu la mizigo, aachane na yule tajiri.

"Nisaidie kidogo tu, mama."

"Sina, mwanangu."

Alisema hivyo akimtazama usoni, na gari liko baharini. Honi akatazama pale palipokuwa na cherehani kubwa. Akauliza iko wapi. Dada akamjibu, "Mambo yangu hayo."

Jioni yake akanijia mimi. "Mama mdogo, niambie kweli. Mama kapata bwana?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka hata kidogo. Nikaenda moja kwa moja kwa dada, nikamwambia mwambie huyu kijana, ameshaanza kuwaza mengine. Tukagombana pale, nikamwita kichwa kigumu, akaniita mbea. "Bado kidogo tu," akasema. "Meli iko njiani. Ukimpa mtu habari kabla ya kitu, umempa nini?"

Honi akaaga kwamba anapeleka mzigo mbali. Aliaga kama siku zote, ila alifika mlangoni akarudi, akaomba maji. Akanywa yote, akamrudishia mama yake kikombe kwa mikono miwili.

Aliyefuata kutupa habari zake ni yeye mwenyewe, kwa simu, kutoka nchi nyingine. Dada alikuwa kwenye cherehani, anamalizia kitambaa cha kiti cha dereva. Aliweka simu mezani na sauti juu, maana mikono ilikuwa na kazi, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Nisamehe, mama. Nimepata kazi ya malori huku, nimeshasaini mkataba. Ningekuaga usingeniachia. Nimeona huna, na mimi sina, nikikaa nitakuwa mzigo kwako."

Simu ikakatika kabla dada hajajibu. Akamalizia ule mshono mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, ndipo akalia. Sijawahi kumsikia analia vile, hata kwa mumewe hakulia vile.

Hata hapo hakumpigia kumwambia, alisema gari lifike kwanza. Gari likafika. Wakala aliyekuwa akilitoa bandarini akatuita ofisini kwake, chumba kidogo chenye feni inayolalamika, akatuambia kila kitu kiko sawa ila mwenye gari ndiye anayetakiwa.

"Mimi ndiye mama yake," dada akasema.

"Naelewa, mama. Lakini jina si lako. Aje mwenyewe, au aandike barua ya kukupa wewe ruhusa, aisaini mbele ya mwanasheria. Na msichelewe, pale linalala kwa kulipia."

Dada akainuka. "Atakuja mwenyewe."

Usiku huo huo akampigia Honi, akamweleza yote, kuanzia ile picha. Upande wa pili tukasikia mwanamume mzima analia kwa kwikwi.

"Mama, mbona hukuniambia? Mama, mbona hukuniambia lakini?"

"Njoo ulichukue, baba. Wanakutaka wewe mwenyewe."

Habari ya barua hakuitaja. Alinitazama kwa jicho ambalo nalijua tangu utoto wetu, na mimi, domo langu lote hili, nikanyamaza. Nilimwelewa. Lile jina ndilo lilikuwa kamba pekee aliyobaki nayo. Gari halitoki bila Honi, basi Honi atakuja. Wakala akapiga simu, akapiga tena, akaanza kukasirika. Dada akawa na jibu moja, atakuja mwenyewe. Akafua shuka za kitanda cha Honi na kuzitandika, siku chache baadaye akazifua tena.

Kumbe amesahau mtoto wake ni dereva. Kaingia bandarini na kutoka mara ngapi na magari ya watu, asijue habari ya barua?

Barua ikaletwa na wakala mwenyewe, amefurahi, anaipunga tangu getini. "Mama, mambo yameiva! Ametuma bila hata kuombwa. Amekuachia kila kitu, ulitumie au uliuze, na chini hapa ameandika ununue cherehani yako. Una mtoto, mama!"

Dada akaipokea. Hakusoma maneno, alitafuta saini. Akaipitishia kidole.

"Basi harudi," akasema.

Wakala akanitazama, mimi nikatazama chini.

Gari likaletwa na dereva wa wakala, likaegeshwa uani, pale pale ilipokuwa pikapu. Majirani wakaja, wakapongeza, wakaondoka. Dada akavivalisha viti vile vitambaa, kimoja kimoja, na vilikaa sawasawa, havikupwaya wala kubana. Kisha akazunguka, akafungua mlango wa mbele upande wa abiria, akaingia na kufunga mkanda. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa gauni lake.

Nikamwinamia dirishani. "Dada, unataka kwenda wapi? Nikamwite mwalimu atuendeshe?"

"Siendi popote," akasema, akiutazama usukani. "Nilitaka kujua tu ningekaaje pembeni yake."

Nikafungua mlango wa nyuma, nikaingia, nikakaa naye.